MREJESHO: wale wanafunzi wangu wa kidato cha tano waliokwama kwenye difrensiesheni

Wakuu habari za jioni, mimi ndo yule mwalimu wa hapa Mtwara niliyeuliza nifanyeje madogo wanakariri kanuni ya kutafuta dy/dx (yaani y inabadilika kwa kasi gani x ikibadilika, ndo difrensiesheni yenyewe) ila ukiwauliza ya nini wanakaa kimya. Mkaniambia niache ubao kwanza, niwape kitu washike.

Basi nikakata manila sentimita 30 kwa 30, kila kundi likate miraba minne sawa kwenye kona, likunje boksi halafu lijaze mchanga wa ufukwe wa Shangani tuone lipi linabeba zaidi. Waliokata miraba ya sentimita 4 walipata ujazo wa sentimita za ujazo 1936, wa 6 wakapata 1944, wa 5 wakafika 2000, sasa hapo ndo kelele zikaanza, mbona 5 na sio 6?

Ndo nikaandika V = x(30 − 2x)², V ni ujazo wa boksi na x ni upande wa mraba uliokatwa, tukadifrensieti tukaweka sawa na sifuri, maana ujazo ukifika kileleni hauongezeki tena, ikatoka x ni 5 au 15. Binti mmoja ambaye muhula mzima hajawahi kunyoosha mkono akasema mwalimu hiyo 15 haiwezekani, ukikata hivyo manila yote inaisha. Aisee nilifurahi mno!

Kingereza cha maswali bado kinawasumbua, hapo naendelea kupambana. Asanteni sana ndugu zangu.