Naomba ushauri: fukwe za Cape Town na watoto, Januari

Habari zenu wakuu. Januari tutakuwa Cape Town na watoto wawili wadogo, na sisi tumezoea bahari ya uvuguvugu. Nilivyoelewa, upande wa Atlantiki, yaani Clifton na Camps Bay, maji ni baridi hata kiangazi, mara nyingi nyuzi 10 hadi 15 tu. Upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kwenda mbali, ya kilindini yakapanda. Ajabu ni kwamba Clifton yenyewe imekingwa na upepo huo, kwa hiyo mchangani unaota jua raha mustarehe, ila kuoga ni mtihani!

Upande wa pili, kwenye ghuba ya False Bay, maji yana nafuu, lakini upepo nao hauna simile. Nafikiria Muizenberg, au bwawa la St James linalojazwa na mawimbi, halafu ufukwe wa Boulders, pale Simon's Town, kuwaona pengwini. Waliowahi kufika huko: siku ya upepo mkali mnakimbilia ufukwe gani? Na treni ya kwenda Simon's Town inafaa kwa familia, au nikodi gari tu?