AMENIKATA NAULI YA BOTI ILIYONIPELEKA HOSPITALI!!!

Mwashi_wa_Amu: Nduzangu, nina hasira hata maji hayapiti kooni. Yule mwenye jengo la Shela, nyote mwamjua, sina haja ya jina. Leo siku ya malipo nimekwenda na mkono kwenye plasta, nahesabu pesa, pungufu. Msimamizi akanifungulia daftari: "Boti, dharura." BOTI! Ile iliyonitoa Shela kuja Lamu mjini mkono unaning'inia, nimekatwa MIMI! Na tajiri mwenyewe alikuwamo, kakaa mbele kwenye kivuli, anakuja mjini kwa shughuli zake! Amepanda yeye, nimelipa mimi!

Jukwaa la ujenzi limevunjika chini yangu, boriti zake zimeoza tangu enzi za Wareno. Namwambia habari ya matibabu, ananijibu, "Tumia SHA yako, bima ya afya ya serikali, wewe ni kibarua tu." Eksirei nimelipa, dawa nimenunua. Hayo nimemeza. Lakini nauli, jamani! Naandika kwa gumba la kushoto, na nitaandika mpaka asubuhi.

Baharia_Mkomani: Pole yakhe. Kwani tajiri hakukudai na kile kivuli?

Mwashi_wa_Amu: Amepanda yeye, nimelipa mimi!!

Sheria_Barazani: Wacheni kucheka. Sheria ya mwaka 2007, hii WIBA ya mafao ya wanaoumia kazini, yasema hospitali, dawa na usafiri wa aliyeumia kazini ni juu ya mwajiri. Kibarua naye ni mfanyakazi. Kumpa mwajiri taarifa hata kwa mdomo yatosha, na yeye ana siku 7 za kumripotia mkurugenzi wa usalama kazini. Wewe una miezi 12 tangu ajali kuwasilisha dai. Na usikimbilie kortini, Mahakama ya Juu ilishaamua 2019 kwamba madai haya huanzia kwa mkurugenzi.

Mwashi_wa_Amu: Miezi 12 ya nini? Nataka nauli yangu LEO. Kakaa kivulini, wallahi!

Mpishi_Malindi: Wewe afadhali, umekatwa nauli tu. Mimi hotelini mafuta ya viazi yamenimwagikia mguuni, ngozi yatoka kama ganda la muhogo, nikaambiwa nenda nyumbani bila mshahara. Kuna malipo ya siku za kuuguza?

Sheria_Barazani: Yapo. Ukishindwa kufanya kazi siku 3 au zaidi, unalipwa kwa vipindi, mwisho miezi 12. Ukibaki na ulemavu wa kudumu, hesabu ni mapato ya miezi 96 kwa asilimia ya ulemavu aliyoandika daktari. Fomu ya DOSH, ofisi ya huyo mkurugenzi wa usalama kazini, sehemu moja ajaze mwajiri, nyingine daktari. Kaa na nakala.

Mpishi_Malindi: Miezi 96! Mwenye hoteli atazirai.

Kijana_Langoni: Na mimi punda amenipiga teke la goti nikishusha saruji. Punda wa tajiri, saruji ya tajiri. Nimdai nani?

Sheria_Barazani: Ulikuwa kazini? Mdai tajiri.

Baharia_Mkomani: Wamdai punda! Hahaha. Mwashi, ulikatwa ngapi kwani?

Mwashi_wa_Amu: Bei ya boti nzima, na abiria walikuwa wawili!

Kijana_Langoni: Boti nzima? Basi mwizi ni nahodha. Nyinyi mabaharia jua likizama tu nauli ya Shela yapaa.

Baharia_Mkomani: Petroli wanunua wewe? Njoo gatini uyaseme hayo mbele yangu.

Mama_Shela: Na wale wanaotuteremsha kwenye maji ya magoti na buibui zetu, hao tuwashitaki wapi?