Mjadala: Je, mshindi wa shindano la klabu ya picha alazimishwe kuonyesha faili ghafi?

Mtoa mada

Katika klabu za wapiga picha wa ridhaa, shindano la mwezi ndilo linalojaza ukumbi. Matembezi ya kupiga picha pamoja huwavuta wenye nafasi, na mafunzo ya uhariri huwavuta wanaoanza, lakini siku ya shindano huja hata wale ambao kamera zao zimelala kabatini tangu mwaka jana. Utaratibu unafanana karibu kila mahali: mwanachama huwasilisha picha chache, jina lake hufichwa, picha hurushwa ukutani kwa projekta, na jaji aliyealikwa kutoka nje ya klabu huizungumzia kila moja kabla ya kutoa alama.

Sasa liko pendekezo ambalo waandaaji wengi wa mashindano makubwa wameshalikubali, na ambalo limeanza kushuka hadi kwenye klabu ndogo. Linasema kwamba picha itakayoshika nafasi tatu za juu isitangazwe mpaka mwenyewe awasilishe faili ghafi, yaani lile ambalo kamera hulihifadhi kabla ya rangi na mwangaza kuchakatwa, na kwamba asiyekuwa nalo apoteze nafasi yake. Naleta hoja hii ijadiliwe, na ni haki nitangulize msimamo wangu: tatizo linalotajwa lipo, ila kanuni hii inawakamata wasiohusika na kuwaacha wengi wa wanaohusika.

Wanaoitetea wanataja akili mnemba, nao wana sababu. Mwaka 2023 msanii wa Ujerumani, Boris Eldagsen, alichaguliwa mshindi wa kipengele cha ubunifu katika mashindano huria ya Sony World Photography Awards kwa picha ya wanawake wawili yenye sura ya picha kongwe, kisha akaikataa tuzo akieleza kwamba picha ile ilizalishwa kwa akili mnemba na kwamba alitaka kujua kama mashindano yamejiandaa. Mwaka uliofuata kibao kikageuka: Miles Astray aliingiza picha halisi ya heroe, aliyekuwa amekiinamisha kichwa hadi hakionekani, katika kipengele cha akili mnemba cha 1839 Awards, ikapata ushindi, kisha ikaondolewa alipofichua kwamba ilipigwa kwa kamera. Ikiwa majaji wa ngazi hiyo wanashindwa kutofautisha kwa macho, hakuna sababu ya kumtarajia jaji wa klabu, ambaye huiona picha kwa dakika moja au chini ya hapo, afanye vizuri zaidi.

Hata hivyo, faili ghafi huthibitisha jambo moja tu, kwamba mwanga ulipita kwenye lenzi ukaangukia kihisi cha kamera. Halisemi mwanga huo ulitoka kwenye nini. Mtu anaweza kuiweka picha ya akili mnemba kwenye skrini nzuri, akaipiga kwa kamera, na akapata faili ghafi lisilo na dosari. Wala si lazima kwenda mbali hivyo. Mwaka 2009 José Luis Rodríguez alitwaa taji la Wildlife Photographer of the Year kwa picha ya mbwa mwitu akiruka lango la mbao usiku. Januari 2010 waandaaji walimvua taji hilo baada ya kuhitimisha kwamba yaelekea mnyama yule alikuwa wa kufugwa na kufundishwa, jambo ambalo mpiga picha alilikanusha. Picha haikuwa imechezewa kwa kompyuta. Shaka yote ilikuwa juu ya kile kilichosimama mbele ya lenzi.

Mfano wa pili unafundisha zaidi. Katika mashindano hayo hayo ya mwaka 2017, Marcio Cabral wa Brazili alishinda kipengele kimojawapo kwa picha ya mla-sisimizi akikikaribia kichuguu kinachometameta usiku. Aprili 2018 picha iliondolewa, kwa kuwa wataalamu waliona mnyama yule analingana, kwa mkao na kwa alama za mwilini, na mla-sisimizi aliyekaushwa ambaye alikuwa akionyeshwa katika kituo cha wageni cha hifadhi ile ile. Cabral naye alikanusha. Alipotakiwa kutoa ushahidi, alitoa mafaili ghafi ya picha alizopiga kabla na baada, lakini hakuna hata moja kati ya hizo lililomwonyesha mnyama. Kilichoamua kesi ile, basi, hakikuwa faili la picha iliyoshinda. Yalikuwa macho ya watu wanaowajua wanyama, yakisaidiwa na picha za jirani ambazo zilikuwa kimya mahali ambapo zingepaswa kusema.

Kwa maoni yangu, klabu ingeanza kwa kueleza kila kipengele kinamwahidi nini mtazamaji. Picha ya wanyamapori huahidi kwamba mnyama alikuwa huru. Picha ya tukio huahidi kwamba tukio halikupangwa. Picha ya ubunifu haiahidi lolote kati ya hayo. Kudai ushahidi wa aina moja kwa ahadi tofauti kama hizi ni kujipa kazi bila kujipa jibu. Nawakaribisha wadau.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, nakushukuru kwa kulifungua jambo hili, ila nadhani umeichagua mifano inayokufaa. Ni kweli faili ghafi halikumnasa mbwa mwitu, lakini limenasa mengine mengi. Mwaka 2015 waandaaji wa mashindano ya picha za habari ya World Press Photo walipolinganisha picha zilizofika hatua ya mwisho kabla ya ile ya uamuzi na mafaili yake ya asili, asilimia 20 ziliondolewa. Hawa walikuwa wanahabari wa kulipwa, waliozijua kanuni na waliojua kwamba wanaweza kuulizwa. Huko klabuni, ambako hakuna anayeulizwa, tunategemea nini?

Napenda pia tuitazame kwa karibu kesi ya mpiga picha Stepan Rudik katika mashindano hayo hayo ya mwaka 2010, kwa sababu inaonyesha jinsi mstari unavyoweza kuchorwa bila kumnyima mtu uhuru wa kuhariri. Picha yake ya asili ilikuwa ya rangi na pana, yenye watu na vitu vingi ndani yake. Yeye alikata kingo mpaka ikabaki mikono inayofungwa bandeji, akaigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, akaongeza chengachenga na kutia giza pembeni. Ukiziweka picha hizo mbili sambamba, utadhani hazihusiani. Hata hivyo, waandaaji hawakuona kosa katika mabadiliko hayo yote. Kilichomwondolea tuzo ni kipande kidogo cha mguu wa mtu kilichokuwa kikichungulia nyuma ya mkono, ambacho alikifuta. Wapo waliolalamika kwamba adhabu ilizidi kosa. Mimi naiona ni sahihi, kwa kuwa aliyefuta mguu leo hana sababu ya kuacha kufuta mtu mzima kesho, na jaji hana namna ya kujua alipoishia.

Jambo moja zaidi. Klabu ni mahali pa kujifunza, na mwanachama anayeanza hujipima kwa picha zinazoshinda. Akiamini kwamba mwangaza ule ulipatikana kwa kuamka alfajiri na kusubiri, kumbe ulimwagwa na programu usiku wa manane, ataamka alfajiri mwaka mzima na hataupata. Ninaudai ushahidi kwa ajili ya mwanachama huyo kuliko kwa ajili ya kombe.

Mchangiaji wa pili

Hoja ya kumlinda anayeanza imenigusa, lakini naomba tukumbuke kwamba anayeanza siku hizi huanza na simu. Mimi mwenyewe hushindana kwa picha za simu. Simu nyingi huhifadhi JPEG au faili jingine lililobanwa. Zile zinazoweza kutoa faili ghafi humtaka mtumiaji aiwashe huduma hiyo kwanza, na wengi hawajui hata kama ipo. Kanuni ikipitishwa kama ilivyo, mwenye kamera ya gharama ataendelea kushindana na mwenye simu atapoteza nafasi ambayo jaji ameshampa, bila ya mtu yeyote kumthibitishia udanganyifu.

Kuna jambo gumu zaidi ambalo wachangiaji wawili waliotangulia wamelipita. Ukibonyeza mara moja tu, simu hupiga fremu kadhaa, ikachukua anga kutoka hii na uso kutoka ile, ikazichanganya na kuondoa chenga kabla wewe hujaona kitu. Asili ya picha hiyo iko wapi? Mwaka 2023 ulizuka ubishi kuhusu picha za mwezi zilizopigwa kwa simu za Samsung, baada ya mtumiaji mmoja kupiga picha ya mwezi uliofifishwa makusudi kwenye skrini na simu ikarudisha mashimo na mabonde ambayo hayakuwapo kwenye skrini hiyo. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba akili mnemba huutambua mwezi na kuuongezea undani. Mwanachama aliyeuelekezea mwezi simu yake na kubonyeza tu, hali hakuhariri chochote, je, amekiuka kanuni? Pendekezo halisemi.

Mchangiaji wa tatu

Nachangia kama mtu anayealikwa kuwa jaji, nami nitakuwa mfupi. Tangu mazungumzo haya yaanze, nimeona ukumbi ukibadilika. Picha nzuri ikitokea ukutani, swali la kwanza linaloulizwa kwa minong'ono ni kama ni ya kweli, na yale ya mpangilio, mwanga na wakati wa kubonyeza huachwa. Jaji naye huanza kuziogopa picha zisizo za kawaida na kumpa alama za juu yule asiyeleta ubishi. Kanuni yoyote mtakayoipitisha, uhakiki wake ufanyike kabla ya siku ya shindano au baada yake, na mtu mwingine, ili jaji abaki na kazi ya kutazama.

Kuhusu wanyamapori, msijisumbue kuandika upya. Mwaka 2014 shirikisho la kimataifa la FIAP, chama cha wapiga picha cha Marekani cha PSA na Royal Photographic Society ya Uingereza walikubaliana tafsiri moja ya picha za wanyama na mazingira ya asili: kukata kingo kunaruhusiwa, kuongeza, kuhamisha au kuondoa kitu hakuruhusiwi. Mengi ya mnayobishania yamekwisha kuamuliwa humo.

Mtoa mada

Nimeyasoma yote, na nimjibu kwanza mchangiaji wa kwanza. Asilimia 20 ile inatoka katika mashindano ya picha za habari, ambako kipengele chenyewe kimejengwa juu ya ahadi ya ukweli. Sipingi faili ghafi lidaiwe huko, wala katika wanyamapori. Nalipinga linapodaiwa katika kipengele huria, yaani kisichofungwa na mada, ambacho ndicho chenye washiriki wengi klabuni. Kuunganisha picha si ujanja ulioletwa na kompyuta. Mwaka 1857 mpiga picha Oscar Rejlander alitengeneza picha moja kutokana na negativu zaidi ya 30, yaani picha za awali zilizopigwa moja moja, ikazua mabishano makali katika vyama vya wapiga picha vya Uingereza, na Malkia Victoria akainunua nakala. Wanaosema kwamba picha ya kweli haichanganywi wanasimamia upande mmoja wa ugomvi ambao una umri wa karne moja na nusu, na ni vyema wakajua kwamba upande wao haujawahi kushinda moja kwa moja.

Ila katika picha ile ya Rejlander kila negativu ilikuwa ni kazi ya mkono wake. Hapo ndipo ninapoona mstari wa kipengele huria: kila kilichomo ndani ya picha kiwe kimepigwa na mshiriki mwenyewe. Anga aliyoipiga mwezi uliopita anaruhusiwa kuiweka juu ya mlima alioupiga leo. Anga iliyozalishwa na programu kwa kuandikiwa maneno, hapana, hata ikiwa ni kona tu. Kwa kanuni hiyo, mwenye simu haulizwi faili ambalo hana. Anaulizwa picha za jirani, yaani zile alizopiga dakika chache kabla na baada, ambazo karibu kila mtu anazo kwenye simu yake na ambazo ni vigumu zaidi kuzighushi kuliko faili moja. Mambo ambayo simu huyafanya yenyewe kwa kubonyeza mara moja yasihesabiwe kuwa ni kosa la mshiriki, ukiwemo mwezi ule, ingawa nakiri kwamba mwezi ule hauniridhishi.

Mchangiaji wa kwanza

Nakubali picha za jirani zipokelewe badala ya faili ghafi kwa wenye simu, ila si kwa wenye kamera, kwa kuwa hao hawana kisingizio. Katika kipengele huria bado natofautiana nawe: mshiriki aliyeunganisha picha aseme hivyo kwenye fomu, na jaji asomewe kabla ya kuizungumzia, kwa sababu anayejifunza ana haki ya kujua anachotazama ni kazi ya saa moja porini au ya saa kumi mezani.

Mchangiaji wa pili

Kabla ya kura kupigwa, kamati ieleze ushahidi huo utakaa kwa nani. Picha za simu mara nyingi hubeba tarehe na mahali zilipopigwa. Mwanachama aliyepiga kiota cha ndege adimu, au watoto wake wakiwa nyumbani, hatapenda picha zake ishirini za jirani zibaki kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Napendekeza zitazamwe na wajumbe wawili, kwenye simu au kompyuta ya mwenyewe, naye akiwapo, na zisinakiliwe. Kifungu hicho hakimo katika pendekezo lililopo, na bila ya hicho kura yangu ni ya hapana.