Naomba ushauri: mama mwomba hifadhi tuliyekuwa tunamsaidia mtaani amejifungia ndani, tulikosea wapi?

MamaKulwa_Mabatini:
Habari za usiku wadau. Naandika nikiwa na uchungu kwahiyo kama nitazunguka mnivumilie.

Miezi minne iliyopita hapa kwetu Mabatini, Mwanza, alikuja dada mmoja kutoka kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, amekuja na mtoto wake wa miaka 7 anatibiwa hospitali ya Bugando, matibabu yenyewe ni ya mizunguko, anachomwa dawa wanarudi nyumbani wiki kadhaa halafu wanaitwa tena, ndo maana wamepangishiwa chumba huku mjini na hawarudi kambini kila mara. Ni Mkongo, Mbembe wa Fizi, alivuka ziwa Tanganyika mwaka 2023, maombi yake bado hayajaamuliwa kwahiyo kwa karatasi ye ni mwomba hifadhi, bado hajawa mkimbizi. Kibali cha kutoka kambini anacho, mwenyekiti wa mtaa amekiona.

Sisi akina mama wa kikoba tuko 23. Tuliposikia tukasema hapana, mtu na mtoto mgonjwa hawezi kukaa katikati yetu kama jiwe. Tukachanga, tukampelekea mchele, sukari, sufuria, vitenge viwili na nguo za mtoto, tukaenda wote siku moja. Mwenzetu mmoja akapiga picha tukaziweka grupu la WhatsApp, wengine wakazipandisha stetasi, na moja najua ilifika Facebook. Jumapili iliyofuata tukamchukua kwenda kusali na sisi, mama kiongozi akamsimamisha mbele atoe ushuhuda wa alikotoka. Akaanza kuongea, akafika sehemu akasema "bibi ya kaka yangu" waliiacha njiani, watu wakadhani anasema nyanya yake, wengine wakacheka kile Kiswahili, mi baadae ndo nikaja kuelewa kwao bibi ni mke, alikuwa anaongelea shemeji yake. Alilia pale mbele mpaka tukamtoa nje.

Tangu siku ile hatoki. Anaenda hospitali anarudi anafunga mlango. Nikigonga anafungua kidogo anasema "aksanti mama, tuko muzuri" basi. Vitenge sijamuona navyo hata siku moja. Wenzangu wameanza kusema hana shukrani, mi moyo unakataa, nahisi sisi ndo tulikosea ila sijui tuanzie wapi kurekebisha. Na je unamfanyaje mtu awe wa mtaani wakati anajua mtoto akipona anarudishwa kambini? Naombeni mawazo ya kweli.

Ngosha_Nyakato:
Pole mama. Ila niseme wazi, pale Bugando kuna akina mama wa kwetu wanatoka Ukerewe, Sengerema, Geita huko, hawana ndugu mjini hata mmoja, wanauguza watoto miezi, hakuna kikoba kilichowachangia. Simchukii huyo dada, ila tuangalie na wa kwetu.

Nimekulia_Ulyankulu:
MamaKulwa asante kwa kuuliza, maana wengi hawaulizi wanasema tu hana shukrani.

Mi wazazi wangu ni Warundi waliokimbilia huku 1972. Nimezaliwa makazi ya Ulyankulu kule Tabora, na kwenye ule uraia wa Tanzania wa 2014 waliopewa watu zaidi ya 162,000 na mimi nimo, sa hivi niko Kirumba nafanya biashara ya dagaa Mwaloni. Kwahiyo naongea kama mtoto wa mtu aliyepelekewa misaada.

Mama yangu alipewa vitu vingi sana maisha yake, blanketi, mahindi, mafuta, jembe. Hakuna alichokisimulia hata kimoja. Alichokuwa anakisimulia mpaka anazeeka ni siku moja kwenye gulio, mama mmoja wa Kinyamwezi aliyekuwa anauza nyanya pembeni yake alimwambia "niangalizie meza yangu naenda kumnyonyesha mtoto", akaondoka, akamwachia nyanya na hela za chenji. Mama alikuwa anasema alitetemeka, akazihesabu zile nyanya mara tatu zisije zikapungua. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuaminiwa kitu na mtu ambaye si wa kwao. Wale wamama wakaja kuwa marafiki mpaka kuzikana.

Sasa angalia nyie mlichofanya. Mlikuwa 23, ye mmoja. Mlitoa, ye akapokea. Mlipiga picha, ye akapigwa. Mlikaa kwenye viti, ye akasimamishwa. Simaanishi mna roho mbaya, mna roho nzuri kabisa, ila hamjamwachia hata upenyo mmoja wa kuwa mtu mzima mbele yenu. Mtu akipokea tu bila kurudisha anakuwa na deni, na mwenye deni akiwaona wanaomdai anajificha, hiyo iko hata kwenye kikoba chenu si mnaijua.

Wazee walisema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, watu wanadhani ni kumchoka mgeni, mi naona lile jembe ndo heshima yenyewe. Muombe kitu. Muombe akusaidie kitu ambacho kweli unakihitaji, sio cha kumpima.

Nesi_Mstaafu:
Naungana na huyo kijana wa Ulyankulu neno kwa neno. Mimi nilikuwa Ngara 1994 wakati Wanyarwanda wanavuka mpaka wa Rusumo, zaidi ya watu 200,000 ndani ya masaa 24, tarehe 28 April kuamkia 29, nilikuwa binti mdogo kazini, na baadae nimefanya kazi Kasulu miaka. Niseme ya kwangu.

Kwanza picha. Zifuteni leo, zote, na huyo aliyeweka Facebook aitoe. Mtu aliyekimbia vita hujui anamkimbia nani, na waliobaki kule ni ndugu zake, sura yake ikizunguka kwenye simu za watu inaweza kufika kusipotakiwa. Wengine wanakimbia mtu anayewajua kwa jina kabisa. Halafu nendeni mkamwambie mmezifuta, msikae kimya mkidhani hakujua. Alijua.

Ushuhuda ndo ulimuumiza zaidi nadhani. Hawa watu wanahojiwa mpaka wanachoka. Akifika mpakani anahojiwa, kambini anahojiwa, kwenye maombi yake ya hifadhi anahojiwa tena, na kila mara anatakiwa aeleze mabaya ili aaminike. Akija mtaani kwenu anataka mahali ambapo hakuna anayemuuliza. Sisi tulifundishwa kule Kasulu, usimuulize mtu alikotoka, muulize mtoto amelalaje. Akitaka kusimulia atasimulia mwenyewe siku moja mnachambua mchicha, na wewe usiache kuchambua.

Na muende wawili, watatu wengi. Siku ileile kila wiki, saa ileile. Kama ni Alhamisi iwe Alhamisi hata mvua ikinyesha. Mtu aliyepoteza kila kitu ghafla hakuna kinachomtuliza kama kujua kesho kutwa fulani atagonga mlango, na kweli akagonga.

Sasa kuhusu huyo mtoto. Mama anayeuguza mtoto wa dawa za mizunguko hana hata nusu saa yake. Hawezi kumwacha peke yake, hana dada, hana mama mkwe. Sukari atanunua, masaa mawili ya kulala atayatoa wapi? Jitoleeni kukaa na mtoto. Muulize kwanza manesi masharti ni yapi maana hao watoto kinga yao inashuka, mwenye mafua asisogee, mikono inaoshwa. Na kama kuna mwalimu kwenye kikoba chenu aende na daftari. Kambini watoto wa Kongo wanasoma mtaala wa kwao, Kifaransa, kwahiyo usimshangae akishindwa kusoma kitabu chetu cha darasa la kwanza, kichwa chake kiko sawa, ni lugha tu. Huko aliko miezi yote haendi shule hata ya huku wala ya kule, na hicho kinawaumiza watoto kuliko sindano.

Ngosha uliyoyasema ni kweli na usiyaondoe. Ila sioni kwanini tuwatenganishe. Huyo mama wa Ukerewe aliyeshuka kwenye meli hamjui mtu hapa mjini, na huyu wa Fizi, shida yao moja, vitanda vyao labda vinatazamana. Kikoba kikijipanga kukaa na watoto kikae na wa wote wawili. Na mimi nimeona mara nyingi, mgeni haanzi kuzoeana na mwenyeji aliyekaa vizuri nyumbani kwake, anaanza na mgeni mwenzie.

Ngosha_Nyakato:
Hapo mama nimekuelewa. Kukaa na wote sina neno.

MamaKulwa_Mabatini:
Nimesoma nikalia. Picha nimeanza kuzifuatilia moja moja usiku huu huu, kuna mmoja anabisha nitaenda kwake asubuhi.

Swali jingine, mwenzetu ana mgahawa Igogo anataka ampe kazi ya kupika apate hela yake, na mwingine anasema abaki tu Mwanza asirudi kambini mbona Wakongo wamejaa mjini. Hili likoje?

Sheria_Kwa_Lugha_Rahisi:
Hapo simameni kidogo. Mimi nimesomea sheria, naeleza kwa ujumla.

Nchi yetu inafuata Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Kwa sheria hiyo mwomba hifadhi na mkimbizi wanatakiwa kukaa eneo lililotengwa, yaani kambini, na kutoka ni kwa kibali. Huyo dada kibali chake kimetolewa kwa sababu ya matibabu. Kikiisha tarehe na amekaa tu, anaweza kukamatwa. Maombi yake bado hayajaamuliwa, kwahiyo usimwingize kwenye kosa sasa hivi. Tarehe ya kibali ikikaribia na matibabu hayajaisha, awaone mapema waliomleta, au Idara ya Huduma kwa Wakimbizi iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, waombe kuongeza. Hapo mnaweza kumsaidia kweli, kumsindikiza, kumkumbusha tarehe, kumtolea kopi. Ila karatasi zake halisi abaki nazo mwenyewe, msimshikie.

Kazi ya mshahara inahitaji kibali chake, mgahawa muacheni. Najua inauma, mtu ana mikono na akili anakaa tu. Mi binafsi naona sheria hii inabana mno ukilinganisha na nchi ambayo mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa nishani ya Nansen, ile ya shirika la UN la wakimbizi, kwa jinsi tulivyowapokea wakimbizi na kuwapa ardhi walime. Ila kubadilisha sheria ni mjadala wa sisi raia, tusiupigane kwa mgongo wa mama mwenye mtoto wodini.

Kualikana, kusali pamoja, kupikiana, kufundishana kusuka, kukaa na watoto, hakuna sheria inayokataza. Mwenyekiti wa mtaa anajua yupo, hilo mlifanya vizuri sana.

Nimekulia_Ulyankulu:
Na mjue akirudi kambini sio kwamba kazi yenu imepotea. Namba ya simu inabaki. Mama yangu na yule wa nyanya walikuwa wanakaa mbali lakini kila msimu walikuwa wanatumiana salamu kwa watu wa gulio.

MamaKulwa_Mabatini:
Wadau nimerudi, wiki mbili zimepita.

Picha zimetoka zote ninazozijua. Nilienda peke yangu nikamwambia, dada nakuomba msamaha kwa picha na kwa ile siku ya kusali, mimi sikufikiri. Akaangalia chini muda mrefu, hakusema nimesamehe wala nini, akaniuliza tu mapacha wangu hawajambo. Nikaondoka nikiwa sijui kama nimefanya vizuri au vibaya.

Alhamisi nikaenda tena na mwenzangu mmoja. Hiyo Alhamisi nilikuwa kweli nina shida, natakiwa Mwaloni kuchukua dagaa na Doto alikuwa amegoma kutoka nyumbani, nikamwambia dada niangalizie Doto masaa mawili. Nilivyosema tu nikakumbuka ile meza ya nyanya. Akasema "leta mutoto". Nimerudi nikakuta Doto na mtoto wake wanachora chini kwa mkaa, na ye ametwanga kisamvu changu nilichokiacha kwenye beseni, ameniambia hapa Mwanza hatujui kutwanga sombe, tunaiacha na mifupa. Alisema hivo huku anatabasamu, mara ya kwanza kumuona meno. Nikampa michembe, hakuwa anaijua, akatafuna akasema hii ni kiazi imekaushwa? nikamwambia ndio, Kisukuma hicho.

Bado hajaja kwenye kikao cha kikoba na sijamuomba. Mwalimu wetu ameanza kwenda Jumanne na daftari. Wodini tumempata mama mmoja wa Ukerewe, nae tunakaa na mtoto wake, wao wawili wameshaanza kupeana zamu bila sisi kuambiwa. Wenzangu kama sita bado wananuna, nitaenda nao taratibu.

Sasa naomba kitu kimoja. Anasema sombe bila mawese sio sombe, na haya ya dukani ninayomletea anayasogeza pembeni anasema yamechujwa hayana harufu. Kuna mtu anajua hapa mjini wapi nitapata mawese ya Kigoma yale mekundu kabisa?

Nimekulia_Ulyankulu:
Nenda stendi ya Nyegezi, ulizia watu wa mabasi ya Kasulu na Kigoma, wanakuja nayo kwenye madumu. Nusa kwanza kabla hujalipa. Au mchukue yeye mwenyewe mwende nae achague.