Mtambo wa simu wa ofisi ya maji umechoka: tununue, tujenge wetu, ama tukodi?

Fundi_Tudor
Salaam wakuu. Nashughulikia mitambo kwenye ofisi moja ya maji huku Pwani. Mtambo wetu wa simu ni wa enzi za waya wa shaba: laini 12 kutoka nje, ekstensheni (simu za ndani) 90 na kitu, na swichibodi moja. Kadi mbili zimekufa, vipuri twavinyofoa kwenye mitambo iliyotupwa. Masika yakianza, laini zavuma kama mzinga wa nyuki.

Mezani nina njia tatu. Mtambo mpya wa mseto, unaopokea simu za zamani na za mtandao. Seva yetu wenyewe yenye Asterisk, programu ya kuendesha mtambo wa simu, na simu za SIP, yaani za mtandao, kila meza. Au kukodi: mtambo uwe kwenye wingu, sisi tulipe kwa kila ekstensheni kila mwezi. Roho yanivuta kwa seva, maana programu yenyewe ni ya bure. Nishawishini ama nikemeeni.

Mkonga_Mkavu
Programu ni ya bure, fundi si wa bure. Asterisk ipo tangu 1999 na ni imara, sina neno nayo. Lakini ukiwa likizo Lamu, nani ataiamsha ikilala? Kama jibu ni "watanipigia mimi", basi hapo huna mtambo, una ndoa.

KambaYaFaiba
Kodi, kaka, ulale usingizi. Hesabu ni hii: mazungumzo 30 kwa wakati mmoja, kila moja likila kama kilobiti 87 kwa sekunde kwa mfumo wa sauti wa G.711, hata megabiti 3 hazifiki kila upande. Faiba yoyote ya ofisi yabeba hiyo. Seva ikiungua ni shida ya anayekukodisha, wewe huna habari.

Mkonga_Mkavu
Seva iko wapi lakini? Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika baharini zote mbili, intaneti ya ukanda huu wote ikawa ya kubembeleza. Kama wingu lako liko Ulaya, siku ile mlinzi wa getini hampati hata meneja aliye ghorofa ya juu. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ukipita hapo watu waanza kukatizana maneno. Ukikodi, kodi kwa mwenye seva hapa hapa Kenya, na simu za ndani zisitegemee safari ya ng'ambo.

BiSwichibodi
Wanangu, nimewasoma kimya nikaona hamjamtaja anayepiga simu. Nimekaa swichibodi miaka 19, ofisi kama hiyo yenu.

Simu za maji haziji moja moja. Stima ikipotea pampu zasimama, pampu zikisimama mji mzima wapiga. Yaani saa ile ofisi iko gizani ndiyo saa ile ya kazi. Simu zetu za kale hazikujali, zapata umeme wa volti 48 kutoka kwenye mtambo wenyewe na betri zake. Hizi zenu za mtandao, swichi inayozilisha umeme ikizimika, meza nzima yafa. Hapo mtanijibu nini?

La pili, laini zikijaa mtu wa 13 asikia mlio wa kujaa, aamini tumeinua mkonga makusudi. Nataka foleni, na sauti imwambie mapema, "Stima imepotea, pampu zimesimama, fundi yuko kazini." Nusu yao wakisikia hivyo watakata wenyewe, wameridhika. Lakini msiniwekee bonyeza moja, bonyeza mbili, bonyeza tisa. Mzee wa Kibokoni hataki kubonyeza, ataka kuambiwa.

Fundi_Tudor
Shikamoo mama. Hilo la stima umenishika pabaya, sikuwa nimelipigia hesabu.

Mkonga_Mkavu
Lahesabika. Tuseme simu 48, nusu ya zenu, kwa wati 5 kila moja, ni wati 240, ongeza swichi na seva, sema 350. Betri mbili za volti 12, amp-saa 100, zashika wati-saa 2,400 kwenye karatasi; ukitoa upotevu na usizinyonye hadi mwisho, una saa nne hivi. Si lazima simu zote ziishi. Swichibodi, malalamiko na chumba cha pampu ziwe kwenye swichi yao ya peke yake yenye betri, uhasibu walale tu.

Jengine: waya wa mtandao wakoma mita 100. Kibanda cha mlinzi kwenye tangi, mita 400 kule, utafikaje? Ule waya wa shaba wa zamani usiung'oe. Weka kisanduku cha FXS, kinachounganisha simu ya waya wa shaba na mtandao, simu ile ile ya zamani itaongea na seva mpya. Kati ya majengo pitisha faiba, radi haina njia humo. Na chumvi ya hewa ya huku yala viunganishi, usiache sanduku wazi barazani.

Karani_Zabuni
Kwa ufupi. Usiandike jina la chapa kwenye zabuni bila "au inayolingana nayo", sheria ya ununuzi ya 2015 itakurudisha mwanzo. Pima gharama za miaka mitano, maana kodi ya mwezi yaonekana ndogo mwaka wa kwanza tu. Mkirekodi mazungumzo, mpigaji aambiwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yawahusu hata nyinyi wa maji.

KambaYaFaiba
Na nenosiri la kila ekstensheni! Ofisi moja niliyoifanyia kazi, ekstensheni 100 nenosiri lake 100. Wikendi moja wezi wakapiga ng'ambo usiku kucha. Jumatatu bili ikaja na mhasibu mkononi.

Fundi_Tudor
Nimeelewa. Naandika seva yetu ofisini, mkataba wa fundi wa pili ndani ya zabuni, FXS kwa matangi, betri kwa swichi moja, laini mbili za shaba zibaki kwa dharura. Nambari ya 041 haiguswi, iko kwenye bili za watu. Mama, nimesahau nini?

BiSwichibodi
Vipokea sauti vya masikio mawili, mwanangu. Hivyo vya sikio moja, miaka 19 hii nimelipoteza la kushoto.