Naomba ushauri: mtoto wa mbwa wa kulinda shamba, Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Huku Wete tunajitayarisha kupokea mtoto wa mbwa wa kwanza, wa kulinda mihogo na migomba dhidi ya tumbili. Hatutamchukua kabla ya wiki 8. Anayetengwa na mama mapema hajifunzi kupunguza makali ya meno.

Banda liko nje: paa la makuti, sakafu ya mbao iliyonyanyuliwa shubiri moja ili maji ya masika yasiingie. Sahani ni yake peke yake, maana chombo akikiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Atakula mara 4 kwa siku, ugali laini na dagaa waliorowekwa kutoa chumvi, bila kitunguu wala mifupa iliyopikwa. Hiyo huvunjika vipande vikali na kutoboa utumbo. Dawa ya minyoo kila wiki 2 mpaka wiki 12.

Panaponitatiza ni hapa. Mpaka wiki 14 hivi ndipo anapozoea watu, mbuzi, kuku, pikipiki, adhana ya kipaza sauti. Akikosa, hukua mwoga, na mwoga ndiye anayeng'ata. Lakini chanjo ya parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki 16, na kirusi chake hukaa udongoni miezi mingi. Je, kumbeba ndani ya pakacha bila kumkanyagisha chini kunatosha? Na wenye mbuzi, mlimfungaje kamba siku za mwanzo asizoee kuwakimbiza?