Kiraka cha Dirty Pipe kiliingia kerneli toleo gani? `git tag --contains` haioneshi 5.10

mlinzi_wa_seva
Wakuu, nakagua seva za Debian 11 zenye kerneli (kiini cha Linux) ya 5.10. Komiti (badiliko la msimbo kwenye git) iliyoziba CVE-2022-0847, yaani tundu la usalama la Dirty Pipe, ni 9d2231c5d74e. Nimeandika `git tag --contains 9d2231c5d74e`, nikapata v5.17-rc6 (toleo la majaribio la 5.17) na za baada yake tu. Hakuna hata tagi (alama ya toleo) moja ya 5.10. Ina maana tawi la 5.10 halikuzibwa?

tawi_kuu
Limezibwa, mkuu. `--contains` inafuata ukoo wa komiti, haisomi kilichomo ndani ya msimbo. Kiraka kikinakiliwa kwenye tawi la zamani kinakuwa komiti mpya yenye heshi (namba ya utambulisho) yake, na heshi uliyonayo haimo kabisa katika ukoo wa 5.10.

Kwanza hakikisha una ripo (hifadhi ya msimbo) ya matawi thabiti (`stable/linux.git` ya git.kernel.org), maana ripo kuu ya Linus Torvalds haina tagi kama v5.10.102. Kisha tafuta kwa ujumbe. Watunzaji wa matawi hayo huandika heshi ya asili ndani ya ujumbe wa kila komiti waliyoinakili:

`git log --oneline --grep=9d2231c5d74e v5.10..v5.10.110`

Chukua heshi itakayotoka, uipeleke hapa:

`git describe --contains HESHI`

Utapata v5.10.102 ikifuatwa na ~ na namba, yaani komiti kadhaa kabla ya tagi hiyo. Usiisahau `--contains`: bila hiyo, `describe` inakupa tagi iliyotangulia komiti, na utatangaza kuwa toleo bovu ni salama. Kwa matawi mengine, kiraka kiko 5.15.25 na 5.16.11. Kerneli za kabla ya 5.8 hazikuwa na tundu hili.

heshi_kamili
Naongezea mawili. Kama ulivuta ripo kwa `--depth`, historia imekatwa na majibu yatakudanganya. Anza na `git fetch --unshallow --tags`. Pia ukipanga tagi kwa `--sort=version:refname`, v5.17 itatangulia v5.17-rc6, kwa hiyo usichukue mstari wa kwanza ukadhani ndilo toleo la mwanzo. Weka `git config versionsort.suffix -rc`.

Halafu komiti kuwemo kwenye ukoo si uthibitisho kwamba haikutenguliwa baadaye. Soma faili lenyewe:

`git show v5.10.102:lib/iov_iter.c | grep -n 'buf->flags = 0'`

Itoe mistari 2, mmoja kwenye `copy_page_to_iter_pipe`, mwingine kwenye `push_pipe`. Ukijaribu v5.10.101 hupati kitu.

mlinzi_wa_seva
Asanteni sana. Seva moja inasoma 5.10.92-2. Hiyo ni ndogo kuliko 102, basi ni bovu?

tawi_kuu
Hapana, hiyo ni salama. Debian waliweka kiraka juu ya 5.10.92 bila kusubiri 102, na 5.10.92-2 ndiyo iliyokibeba. Kwa kerneli ya distro (mfumo wa Linux uliofungashwa, kama Debian), tagi za kernel.org hazitoshi, soma kumbukumbu ya mabadiliko ya kifurushi:

`zgrep CVE-2022-0847 /usr/share/doc/linux-image-*/changelog*`

Toleo ulisome kwa `uname -v`, usitegemee `uname -r`, ambayo Debian 11 huandika 5.10.0-kadhaa na haikuambii kiraka. Na `dpkg -l` inaonesha kilichosakinishwa tu. Seva isipowashwa upya, kerneli ya zamani bado ndiyo inayoendesha.